Kuku anaumia akining'inizwa
Jamani watu wa Tanga, kuku akibebwa kichwa chini anapata shida kupumua. Hana kiwambo kama chetu cha kutenga tumbo na mapafu, kwa hiyo matumbo yote yanamlalia kifuani. Ndiyo maana nikienda soko la Mgandini nabeba tenga langu.

Muuzaji akaniuliza, "Dada, si unaenda kumchinja?" Naam, namchinja. Lakini njia nzima hadi Chumbageni ateseke kwa lipi? Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008!

Na kwetu kuku ni wa wageni na sikukuu tu. Siku nyingine kisamvu cha nazi, kunde, watoto wanaramba sahani.

Ndugu zangu wa bodaboda, nawaomba sana, msiwafunge kuku kwenye usukani.