Jinsi Nilivyomfikisha Shangazi Mbele ya Koboko wa Meserani

Kabla ya kwenda kwenye bustani ya nyoka ya Meserani nilipewa ushauri mwingi kuliko niliouomba. Binamu yangu alishikilia kwamba bila kukodi gari hatungefika, jirani akanikabidhi jiwe jeusi la kunyonya sumu, na bwana mmoja, ambaye nina hakika hajawahi kukanyaga huko, akasisitiza tuondoke alfajiri kwa sababu eti nyoka huamka mapema. Ilikuwa Julai, mwezi ambao asubuhi ya Arusha humvalisha mtu sweta mbili. Nyoka hulitegemea jua ili mwili wake upate joto, kwa hiyo anayewahi kwa baridi ile ataona mikunjo iliyojibana pembeni, basi. Sisi tulifika jua likiwa limekwisha kukolea, na tulishiba kutazama.

Bustani ipo kilomita 25 hivi magharibi mwa mji, kando ya barabara kuu iendayo Makuyuni, hivyo magari ya Mto wa Mbu na Karatu huipita. Makondakta hawapendi abiria wa karibu; tafuta gari linalokaribia kuondoka likiwa bado lina nafasi, nawe utaje Meserani ukiwa umekwisha kukaa. Nauli ni ya kawaida tu na kiingilio hakikunitoa jasho. Fedha zangu nyingi ziliishia kwenye soda na chipsi.

Kazi ilikuwa shangazi. Yeye ni mkulima wa migomba huko Tengeru, na katika maisha yake hajawahi kumwacha nyoka apite shambani akiwa hai. Nilipanga kumzoesha taratibu kwa kuanzia kwa kobe, ambao aliwafurahia, kisha mamba, ambao aliwasema vibaya lakini aliwatazama. Tulipofika kwenye kioo cha chatu alifumba macho na kunishika koti. Kijana mwongozaji, kwa nia njema kabisa, akamwambia, “Mama, usiogope, huyu hana sumu.” Shangazi akauliza, macho yakiwa bado yamefumbwa, “Sasa kama hana sumu, anaua kwa nini?” Alipojibiwa kwamba humkaba mnyama mpaka moyo usimame, alitoka nje moja kwa moja akaenda kusimama kwa ngamia.

Hapo ndipo nilipopata akili ambayo mpaka leo najipongeza kwayo. Shangazi ni katibu wa kikoba chao, na hakuna jambo analolipenda kama kuwatumia wenzake habari kabla hawajazisikia kwa mwingine. Nilimpa simu yangu nikamwomba awarekodie wanachama video, kwa kuwa mikono yangu, nilidai, ilikuwa inatetemeka. Kwenye kioo cha simu nyoka akawa mdogo kama wa kwenye televisheni, na shangazi akasogea hatua kwa hatua, akitangaza kwa sauti ya redio, hadi tukasimama mbele ya koboko mweusi. Hapo akasitisha matangazo na kumgeukia mwongozaji: “Mwanangu, mbona huyu ni wa kijivu?” Akaelezwa kwamba weusi unaotajwa ni wa ndani ya kinywa. Alimsubiri koboko afunue kinywa kwa muda mrefu kiasi kwamba mimi ndiye niliyechoka.

Kwa kifutu alinyamaza, kwa sababu huyo anamfahamu kutoka shambani. Kifutu hakimbii anaposikia hatua. Hutulia akitegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, na ndiyo maana watu wengi humkanyaga. Nililitoa lile jiwe la jirani nikamwuliza mwongozaji, naye akasema bila kuzunguka kwamba halitoi sumu, na kwamba kuchanja, kunyonya na kufunga kamba ya kubana huongeza madhara: aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali haraka. Anajua anachokisema, kwani bustani hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1993 na familia kutoka Afrika Kusini, imekuwa na zahanati yake ambako wafugaji wa Kimaasai wa jirani wametibiwa majeraha ya nyoka bila malipo. Ningekuwa na uwezo ningewapeleka wote walionishauri wakasikilize dakika kumi tu.

Wakati wa kurudi usichelewe barabarani, kwani magari ya kutoka Karatu huwa yamejaa kufikia jioni. Sisi tulibahatika kupata moja lenye nafasi ya mbele, shangazi akakaa karibu na dereva, na kabla hatujafika Kisongo dereva huyo alikuwa amekwisha kusimuliwa habari yote ya koboko, pamoja na kinywa ambacho shangazi hakukiona.