Nilivyopata Fedha za Kusomea Uzamili wa Elimu ya Utotoni Nikiwa Lamu

Mwalimu wa shule ya awali anayetaka kusomea shahada ya uzamili hukutana na jambo asilolijua mwenzake wa uhandisi au wa tiba, nalo ni kwamba matangazo ya ufadhili yanayoitaja fani yake kwa jina ni machache mno. Nilipoanza kutafuta, nikifundisha watoto wa PP2, yaani mwaka wa pili wa elimu ya awali, katika shule ya umma kisiwani Lamu, nilikuwa nikiandika maneno "elimu ya utotoni" na kuambulia matangazo mawili matatu, mengine ya miaka iliyopita. Hata hivyo nilisoma hadi nikahitimu, na fedha zilizonisomesha zilitoka katika mafungu yenye majina mengine kabisa. Naandika haya kwa walimu wenzangu wa chekechea, wa visiwani na wa bara ya Mokowe, Hindi na Witu, ambao huniuliza nilianzia wapi.

Nilianzia kwa mwajiri. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka elimu ya awali mikononi mwa serikali za kaunti, na ndiyo sababu sisi hulipwa na kaunti ilhali wenzetu wa shule za msingi za umma huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Kwa anayetafuta karo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua abishe hodi wapi na abishe lini. Fedha za mafunzo ya watumishi hupangwa ndani ya bajeti ya idara. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka makadirio ya kaunti yawe yamefika katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Kwa hiyo barua inayofika mezani mwezi wa Agosti, wakati vyuo vinapokaribia kupokea wanafunzi wapya, huzikuta fedha zimekwisha kugawanywa. Yangu niliiwasilisha mwanzoni mwa mwaka, pamoja na muhtasari wa kozi, gharama ya kila muhula, na ukurasa mmoja wa kueleza nitakayowafundisha walimu wenzangu nikirudi. Afisa wa rasilimali watu aliisoma nikiwa nimeketi mbele yake, kisha akasema, "Mwalimu, hii naweza kuiingiza katika mpango wa mafunzo, maana nimeona kiasi na nimeona kinahitajika lini."

Nilipewa likizo ya masomo yenye mshahara kwa vipindi vya kuwa chuoni, na sehemu ya karo. Nami nilitia saini mkataba wa kurudi kazini na kutumikia kwa muda tuliokubaliana. Nawasihi wenzangu wausome mkataba wa namna hiyo kifungu kwa kifungu kabla ya kutia saini, hasa panapoeleza kiasi cha kurudishwa endapo mtu ataacha kazi kabla ya muda, kwa sababu deni hilo huweza kumfuata mwalimu hata akihamia kaunti nyingine.

Ufadhili wa ng'ambo niliuchunguza pia, na naamini kila mwalimu wa chekechea mwenye shahada ya kwanza anastahili kuufikiria kwa dhati. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, haubani fani: mwombaji huchagua kozi tatu za uzamili, na elimu ya utotoni inaweza kuwamo. Sharti linalowatia walimu wetu hofu ni lile la saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo ni kama miaka miwili, kwa kuwa watoto wa PP1 na PP2 hutoka saa sita mchana na watu hudhani mwalimu wao naye anafanya kazi nusu siku. Ukweli ni kwamba kazi ya muda na kazi ya kujitolea nazo huhesabiwa. Alasiri zote nilizomsaidia maalim kusomesha watoto katika chuo cha Qur'ani bila malipo ziliingia katika hesabu yangu, na vivyo hivyo saa za kutengeneza vifaa vya kufundishia. Anayefadhiliwa hutakiwa kurudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioasisiwa mwaka 1959, humtaka mwombaji aeleze masomo yake yatainufaishaje nchi yake, na una njia ya kusoma kwa masafa bila kuondoka kwako wala kuacha kazi, ingawa kozi ni zile tu zilizoidhinishwa kwa mwaka huo; akina mama wenye watoto wachanga waiangalie njia hiyo kwa makini. Upo pia mpango wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, ambao mwanafunzi husomea katika nchi zaidi ya moja, na waliofadhiliwa hupewa euro 1,400 kwa mwezi.

Niliomba mmojawapo sikuchaguliwa. Insha iliyotakiwa, hata hivyo, ilinilazimisha kueleza kwa maneno machache kwa nini elimu ya watoto wa Lamu inahitaji mtu aliyesoma zaidi, na maelezo hayo ndiyo niliyoyatumia kila mahali baadaye. Nilieleza kwamba mtoto wa Faza au Kizingitini huingia darasani akizungumza Kibajuni, na wa mjini huingia na Kiamu, ilhali vitabu vyake ni vya Kiswahili sanifu na Kiingereza. Kwamba mtaala wa umilisi unataka mtoto wa umri huo afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Na kwamba mwalimu huachiwa kulitatua suala hilo peke yake. Nikaongeza kuwa Pwani yetu ina historia ya kujivunia katika elimu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan msaada wa kuinua elimu ya watoto wao, na kilichozaliwa ni mpango wa shule za awali za madrasa ulioanzia Mombasa mwaka 1986, ukaunganisha Qur'ani na michezo na vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana papa hapa, kisha ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Mfadhili akisoma haya anaona kwamba anaombwa kuendeleza kazi iliyokwisha kuonyesha faida, na naamini hilo lina uzito kuliko kumweleza umaskini wetu, ambao waombaji wengine wote wanauandika.

Kwa kuwa utafiti wangu ulikuwa juu ya watoto wa hapa, niliona ni busara kusomea nchini. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayoshughulikia elimu ya utotoni, na huko ndiko nilikosajiliwa. Mwajiri alikuwa amechukua sehemu ya karo. Iliyobaki ilinibidi niitafute. Basari za wadi na za mfuko wa maeneo bunge ni msaada mkubwa kwa mtoto wa sekondari, lakini kwa uzamili ni kidogo mno, na simshauri mtu apange masomo yake kwa kuzitegemea. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, huwakopesha pia wanafunzi wa uzamili, na ina mkopo uitwao Jielimishe kwa walioajiriwa, ambao marejesho yake hukatwa mshaharani. Wenzangu kadhaa waliutumia wakahitimu. Mimi sikuuchukua kwa sababu ya riba, na najua wengi katika mji huu wana msimamo kama wangu, kwa hiyo nieleze nilivyofanya badala yake.

Kwanza niliandikia ofisi ya fedha ya chuo kuomba kulipa kwa awamu, nikaambatanisha tarehe ambazo ningeweza kulipa, nikakubaliwa. Pili nilimwendea ami yangu, mfanyabiashara wa Langoni, nikamweleza kila kitu. "Karadha nitakupa, mwanangu, wala sitaki nyongeza," akaniambia, "lakini deni huandikwa." Tukaandikiana mbele ya mashahidi, kama Sura ya Al-Baqara inavyoelekeza, nasi tukapanga malipo ya kila mwezi yanayolingana na mshahara wangu. Tatu, chama chetu cha kuchangiana cha walimu wanawake kilikubali kunibadilishia zamu yangu ya kupokea fedha iangukie mwezi wa karo.

Utafiti ndio unaosahauliwa katika hesabu za wengi. Mbali na karo kuna ada ya kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambacho mtafiti hutakiwa kuwa nacho kabla ya kuingia uwandani, na kwetu kuna bahari. Kwenda Pate kwa boti ni kufuata maji: Mkanda, mlango wa bahari unaopitiwa na boti, haupitiki vizuri maji yakipwa, na msimu wa kusi hubadili safari na nauli. Nilipoomba ruzuku ndogo ya utafiti niliandika gharama ya boti kijiji kwa kijiji, pamoja na siku za kulala huko kungojea maji, nikaeleza sababu kwa msomaji asiyewahi kuvuka. Nilipewa kiasi chote nilichoomba.

Yeyote anayekusudia kuomba ufadhili wa ng'ambo ajue kwamba dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba, na kwamba wahadhiri wanaoandika barua za mapendekezo wanahitaji wiki kadhaa. Bajeti yangu ya utafiti, yenye nauli za kila kijiji, bado ninayo, na mwalimu wa Pate, Ndau au Kiwayu anayeandaa maombi yake nitampa nakala aitumie.