Siku moja maishani mwangu: kuifanya tovuti ya chuo isomeke na wasioona

Saa 1:30 asubuhi nimeshafika ofisini, kitengo cha TEHAMA, kwenye chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Watu wakisikia nashughulikia tovuti hudhani kazi ni kupandisha picha za mahafali. Kazi yangu hasa ni kuhakikisha tovuti hiyo inamfaa mwanafunzi asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, na yule asiyeweza kushika mausi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na mwongozo wa kimataifa tunaoufuata wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, WCAG, ulifika toleo la 2.2 mwaka 2023.

Saa 2. Mausi naiweka kando, naupita ukurasa wa udahili kwa kitufe cha Tab peke yake. Menyu moja inafunguka ila haifungiki kwa kibodi, narekebisha. Maandishi ya kijivu nayakoleza mpaka utofauti wa mwangaza kati yake na rangi ya nyuma ufikie 4.5 kwa 1, picha naziandikia maelezo, nakunywa chai.

Saa 4 na robo inaingia barua pepe ya ofisi ya mitihani: "Weka kwenye tovuti haraka." Ni ratiba ya mitihani. Imechapwa, ikasainiwa, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa. Karatasi imekaa upande, na muhuri umeangukia safu ya vyumba. Naifungua kwa NVDA, kisomaskrini cha bure wanachotumia wanafunzi wetu, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Hakisomi hata neno moja, kwa sababu zile ni picha za karatasi, hazina maandishi ndani.

Napiga simu. "Dada, naomba ile Excel yenyewe."

"Kaka, Excel haina muhuri."

Jibu hili nalisikia kila muhula, na hofu yao naielewa. Ratiba feki zinazunguka WhatsApp, mwanafunzi akikosa mtihani lawama zinarudi kwao. Basi nakwenda mwenyewe jengo la utawala. Faili liko kwenye kompyuta ya afisa aliyeko kikaoni. Nakaa kwenye benchi. Saa sita inapita, saa saba inapita, chakula cha mchana ndiyo kimekwenda hivyo. Mkuu wa ofisi anapotoka namwamkia, namweleza kwamba muhuri hautaondoka: nakala iliyogongwa tutaiambatisha chini, juu yake tuweke maneno yanayosomeka. Ananiuliza, "Kwani hao wasioona wako wangapi humu?"

Swali hilo linanichosha kuliko benchi. Hata angekuwa mmoja, amelipa ada na ana mtihani. Namwambia hivyo hivyo, kwa adabu, na namwomba avae hedifoni aisikilize ratiba yake. Anasikiliza, anabonyeza tena, anasikiliza. Kisha anampigia afisa simu atoke kikaoni.

Faili napewa alasiri. Seli zimeunganishwa kila mahali, nazitenganisha moja moja. Vichwa vya safu navitia alama, ili msikilizaji akishuka kwenye jedwali asikie "chumba" kabla ya namba ya chumba. Ukurasa nao nautambulisha kuwa wa Kiswahili, la sivyo sauti inausoma kwa matamshi ya Kiingereza na hakuna kinachoeleweka. Macho yanawaka, mgongo unauma.

Jua likiwa linazama anakuja mwanafunzi wa sheria, asiyeona, anayetupimia kurasa kabla hazijatoka. Yule ni fundi mwenzangu. Kisomaskrini chake kinakwenda kasi ambayo mimi siambulii neno. Anabonyeza T, anatua kwenye jedwali, anashuka na mishale.

"Kaka, hapa Jumatano chumba kipo, saa haipo."

Kweli, seli ile imekuja tupu tangu ofisi ya mitihani. Nawapigia, wananipa saa, najaza. Anarudia toka juu.

"Haya. Mimi naanza Jumatatu saa tatu, ukumbi mkubwa."

Muhula uliopita alisomewa ratiba na mwenzake wa bwenini. Leo, chuo kizima, wanafunzi wote, yeye ndiye wa kwanza kuijua. Naipandisha, na muhuri wao chini.