Milioni moja na laki nane kwenye kikapu: nilivyonunua Canter ya Mzee wa Likoni

Naanza na ushauri mbaya, maana ndio ulionipotezea wiki nzima na zaidi. "Usiende kutoa milioni kwa mkupuo. Kata. Leo laki tisa, kesho laki tisa. Chini ya milioni hakuna atakayekuuliza hata jina la mamako." Aliyenambia hivyo ni rafiki yangu wa Kongowea, hapa Mombasa, mtu wa nazi kama mimi, bingwa wa mambo ya benki ambaye akaunti yake mwenyewe hakumbuki iko tawi gani. Nami nikamwamini, kwa sababu alisema kile nilichotaka kusikia.

Mambo yalikuwa hivi. Kuna mzee Likoni alikuwa anauza Canter, lori dogo, na si ya kubabaisha: bodi ya chuma, injini haivuji tone, na kila huduma ameiandika kwa mkono kwenye daftari la shule. Tulinywa kahawa kwa mwezi mzima kabla hajashuka hadi milioni moja na laki nane. Sharti lake lilikuwa moja tu. Pesa mkononi, zote, siku moja. Hataki kutumiwa kwa simu, hataki karatasi ya benki, hataki kuambiwa "zimeingia" na mtu asiyemwona.

Sikuweza kumlaumu. Mwaka 2015 benki aliyoweka akiba yake ilifungwa ghafla. Wakati huo bima ya amana ililipa hadi laki moja kwa mwenye akaunti, basi. Akapewa laki yake, na zilizobaki akazisubiri mpaka akaacha kuzitaja. Halafu ikaja 2019. Juni 1, Sikukuu ya Madaraka, Gavana wa Benki Kuu akatangaza pale Narok kwamba noti ya zamani ya elfu moja mwisho wake ni Septemba 30. Mzee alikuwa nazo ndani ya debe. Alipanga foleni siku tatu akazibadilisha, akapumua. Miaka miwili baadaye akavaa koti lake la harusini kwenda kwenye nikaha ya mjukuu, akatia mkono mfukoni, akatoa noti kumi na moja za zamani. Ameziweka chini ya kioo cha meza sebuleni. Nchi nzima zilikosa kurudi noti za kama bilioni 7.4, hizo elfu kumi na moja mimi najua ziko wapi.

Sasa mtu kama huyo utamlipaje? Hundi haivuki milioni tangu 2009. PesaLink, ya kutuma kutoka benki hadi benki kwa simu, inaishia 999,999 kwa mara moja. M-Pesa ni laki mbili na nusu kwa muamala na laki tano kwa siku, na laini yenyewe haishiki zaidi ya laki tano, kwa hiyo ningemtumia kwa siku nne huku yeye akizunguka kwa mawakala na simu yake ya mulika mwizi akitafuta mwenye floti. RTGS, yaani benki kuhamishia benki nyingine moja kwa moja, ndiyo njia yenyewe kwa pesa kubwa, inafika siku hiyo hiyo kwa mia tano au zaidi kidogo, lakini inafika kwenye akaunti. Mzee hana akaunti.

Basi nikaenda kukata.

Siku ya kwanza nilivaa shati lililopigwa pasi na nikachukua kikapu cha ukindu cha mke wangu, chini leso mbili kuukuu, juu nafasi ya madafu. Niliona nina akili sana. Keshia, binti mpole, akaniuliza laki tisa ni za matumizi gani. Nikasema, "Za nyumbani." Akanitazama, akatazama kikapu, akasema, "Nyumba kubwa hiyo." Lakini akanihesabia.

Usiku ule sitausahau. Mke wangu alilala juu ya zile pesa, mimi nikalala mlangoni na panga la kupasulia nazi. Paka akiruka kwenye mabati naamka. Jirani akikohoa naamka. Saa tisa za usiku mke wangu akauliza gizani, "Hivi huyo Mzee wako anaishi hivi kila siku?" Sikumjibu, maana nilikuwa nasikiliza pikipiki iliyosimama barabarani. Ilikuwa inaleta mtu nyumbani kwake tu.

Siku ya pili nikarudi. Tawi lilelile, kikapu kilekile, na kwa bahati mbaya keshia yuleyule. Akaandika kwenye kompyuta, akaacha kuandika. "Subiri kidogo, kaka." Nikapelekwa chumba cha ndani kwa mama mmoja wa miwani, afisa wao. Akageuza kioo cha kompyuta nikaona mwenyewe: jana laki tisa, leo naomba laki tisa.

"Ungekuja ukasema milioni na laki nane," akasema, "ningekupa fomu, ungejaza, tungemalizana. Lakini ukikata ili uikwepe fomu, hilo ndilo tunalofundishwa kuliangalia. Na hilo halina kiwango. Hata ingekuwa elfu hamsini, nikilitilia shaka lazima niripoti."

Hapo jasho lilinitoka, nakwambia. Kumbe kuna mambo mawili ambayo rafiki yangu bingwa aliyachanganya. Kuna pesa taslimu kubwa, ambazo benki inaripoti tu kwa sababu ni kubwa, kwa kile kituo cha serikali kinachofuatilia pesa chafu. Sheria ilisema kuanzia dola 10,000, na 2023 ikapandishwa hadi 15,000. Na kuna muamala wa kutiliwa shaka, ambao unaripotiwa hata ukiwa mdogo. Mimi, mtu halali mwenye pesa ya nazi na mkopo wa sacco, nilikuwa na fomu moja tu ya kujaza, nikaikimbia nikajipeleka kundi la pili kwa miguu yangu.

Zile laki tisa za pili hakunipa. Akanishauri nirudishe za kwanza nisije nikaibiwa. Nikarudi dirishani na kikapu, na yule binti, kwa uso mkavu kabisa, akaniuliza: "Hizi umezipata wapi?"

"Hapa," nikasema. "Jana. Kwako."

Akacheka mpaka keshia wa dirisha la pili akageuka. Lakini akaandika.

Nilitoka na hasira, na hasira yenyewe sijaimaliza yote. Pesa nimezitolea jasho, nimezilipia kodi, halafu nieleze nazipeleka wapi kama mtoto aliyetumwa dukani? Na kila wikendi tunawaona waheshimiwa kwenye harambee wakitoa mabunda kwenye bahasha. Sijui wao hujaza fomu ya rangi gani. Lakini nilipotulia nilisoma kidogo. Mwaka 2018, kwa sababu ya kashfa ya wizi wa pesa za NYS, ile huduma ya vijana ya taifa, Benki Kuu ilizipiga benki tano faini ya jumla ya zaidi ya shilingi milioni 390, kwa pesa kubwa zilizopita bila kuripotiwa na bila maswali. Ukimtoza mtu faini ya namna hiyo, lazima akuulize maswali hata ya nazi. Na Februari 2024 FATF, shirika la kimataifa la kupambana na pesa chafu, likatutia kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu; siku hiyohiyo Uganda ikatolewa, jambo ambalo shemeji yangu wa Kampala hakosi kunikumbusha.

Binamu yangu yuko Brussels. Nilipompigia kulalamika alinisikiliza, kisha akasema: "Wewe unaulizwa, kaka. Huku ni marufuku." Ubelgiji dukani hulipi pesa taslimu zaidi ya euro 3,000, na nyumba hununui kwa noti hata senti. Na 2027 Umoja wa Ulaya mzima unaweka ukomo wa euro 10,000 kwenye biashara. Kwetu hakuna sheria iliyonikataza kumlipa Mzee noti elfu moja moja mpaka asubuhi. Kuna fomu. Nilipoliona hivyo nikapungua moto, ingawa bado naamini mtu aliyepoteza akiba benki ana haki ya kukaa na pesa zake chini ya kitanda bila kuonekana jambazi.

Basi nikaifanya vizuri. Makaratasi ya kawaida sitayaeleza, kila mtu anayajua. Mkataba ulitengenezwa na wakili mmoja wa mjini, alinitoza elfu tano au sita, sikumbuki, na nazi kumi juu yake. Muhimu ni kwamba mkataba useme wazi malipo ni pesa taslimu, na uwe na nambari ya gari, kitambulisho cha muuzaji na PIN yake ya kodi. Halafu piga simu siku tatu kabla. Tawi dogo halikai na milioni mbili droo ya chini likikungoja wewe.

Fomu yenyewe ni ukurasa tu: za nini, za nani, anapatikana wapi, na kwa nini lazima ziwe taslimu. Kwenye "za nini" niliandika "biashara", afisa akairudisha. Nikaandika "kununua lori" na nambari ya usajili, ikapita. Kwenye "kwa nini taslimu" nilifikiri muda mrefu, nikaandika: "Muuzaji alipoteza akiba benki ilipofungwa 2015 na hana akaunti." Yule mama akaisoma mara mbili, akapiga muhuri bila kusema neno.

Na sasa ujanja wangu, huu ni wangu na sikuambiwa na mtu: pesa zisitoke benki kabisa. Mzee aje palepale ndani ahesabu. Kumshawishi ilichukua vikombe vitatu vya kahawa tungu na kashata zisizo na hesabu. "Ami," nikamwambia, "huendi kuweka. Unaenda kuhesabu. Wana mashine, wana askari mlangoni, na wana kipupwe." Nadhani kilichomshinda ni kipupwe.

Alikuja na kanzu nyeupe na kikapu chake mwenyewe. Kumbe wazo la kikapu hata yeye analo. Tukapewa chumba. Vibunda kumi na vinane, kila kimoja noti mia, vikapitishwa kwenye mashine mbele yake, trrrr, mara mbili. Mzee akaitazama ile mashine kwa heshima, kisha akavua saa, akalowesha kidole, akaanza kuhesabu upya kwa mkono. Noti elfu moja na mia nane. Kwenye kibunda cha nne adhana ya adhuhuri ikamtoa kwenye hesabu, akaanza kile kibunda tena. Kila baada ya noti chache anasimama, anainua moja dirishani, anaitazama kwenye mwanga.

"Hizi," akamuuliza yule mama, "mwisho wake lini?"

"Hazina mwisho, Mzee."

"Na zile zilikuwa na mwisho?"

Mama akavua miwani akaipangusa. Hakuwa na jibu, na mimi nilijifanya nasoma tangazo la mikopo ukutani.

Alipomaliza, saa moja na zaidi, akatia sahihi, na gari tukalihamisha jina kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, kwa simu yangu palepale, ada elfu kadhaa. Nikadhani tumemaliza. Mzee hakusimama. Alikuwa anautazama mlango wa kioo, na nje ya mlango msongamano wa watu, tuktuk, na vijana wamekaa juu ya pikipiki.

"Nikiweka hapa," akasema polepole, "na nyie mkafunga mlango, nalipwa ngapi?"

"Hadi laki tano, Mzee. Tangu 2020. Zamani ilikuwa laki moja."

"Hiyo ya zamani naijua."

Akakaa kimya. Kisha akavuta vibunda vitano, kimoja kimoja, akavisukuma upande wa pili wa meza. "Haya. Nifungulieni hiyo akaunti. Tano. Hata elfu moja juu yake msiniongezee."

Kumi na vitatu vilivyobaki vikaingia kikapuni, juu yake leso, juu ya leso gazeti la jana. Nilimwambia nitampeleka mpaka nyumbani, na sikumsubiri akubali. Tukapanda Canter, yangu sasa, tukashuka kwenda feri. Wa miguu wanavuka bure pale, sisi tukalipa. Mzee alikaa kiti cha abiria kwa mara ya kwanza tangu alinunue lile gari, kikapu katikati ya miguu, mkono mmoja juu yake. Hakusema lolote mpaka tulipotoka kwenye feri upande wa Likoni na mimi nikaanza kupanda mlima.

"Gia ya pili, mwanangu," akasema. "Utaniulia gari."

Nikashusha gia.