Diski za Breki Hazikuwa Zimepinda

Wiki iliyopita nilikabidhiwa makadirio ya gharama za kubadilisha diski za breki za mbele za pikapu yangu huku Marekani, na kilichonichoma hakikuwa kiasi kilichoandikwa mwishoni mwa karatasi bali kumbukumbu ya karatasi iliyotangulia, kwa kuwa diski hizohizo zilikuwa zimebadilishwa katika gereji hiyohiyo miezi tisa tu kabla ya hapo. Maelezo niliyopewa yalikuwa sentensi moja: diski zimepinda kwa joto, zinatakiwa mpya. Nilipouliza zimepinda kwa kiasi gani, nilijibiwa kwamba kutetemeka kwa usukani ninapofunga breki ni ushahidi wa kutosha. Hapakuwa na kipimo hata kimoja kwenye karatasi ile. Ninyi mlio nyumbani mnajua fundi wetu angefanya nini kabla ya kutamka neno «nunua».

Nilikataa kutia saini, nikaondoka taratibu.

Gari lenyewe si pikapu ndogo ya kubebea mizigo midogo. Ni ile ambayo huku Marekani huingia katika kundi la magari yenye uzito wa jumla unaoruhusiwa wa kuanzia takriban kilo 3,856, yenye nati nane kwa kila gurudumu, na ndiyo inayonilisha, kwa kuwa kazi yangu ni kuvuta tela lenye mashine za ujenzi. Gari na tela vikiwa pamoja vinakaribia tani nane, na uzito wote huo ukitakiwa kusimama, mwendo wake hugeuka kuwa joto kati ya pedi, yaani vibao vinavyobana, na diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Joto hilo huongezeka pamoja na uzito, lakini kwa mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili: anayefunga breki kutoka kilomita 113 kwa saa anaziachia diski karibu mara mbili ya joto la yule anayefunga kutoka kilomita 80 akiwa na mzigo uleule. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuamini kwamba kosa ni langu, na kwamba mzigo wangu ndio unaoua diski. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi, kwamba mgeni huwa mwepesi wa kukubali lawama kwa sababu anadhani wenyeji wanajua.

Aliyenitoa katika fikra hiyo ni mzee jirani yangu, fundi mstaafu wa malori, ambaye kwa miaka mitatu tulikuwa tumesalimiana kwa mkono tu, kila mmoja akiwa upande wake wa uzio. Aliniona nimechuchumaa kando ya gurudumu, akaingia ndani, akarudi na kisanduku cha mbao chenye maikromita, kifaa cha kupimia unene, na geji ya mshale yenye mguu wa sumaku, inayoonyesha kitu kinachozunguka kinayumba kiasi gani. Hakuniuliza nimetoka wapi wala nitamlipa nini. Alisema tu kwamba diski hupimwa, haikisiwi.

Tuliegemeza gari kwenye stendi imara, tukayawekea magurudumu ya nyuma vizuizi yasibiringike, tukatoa gurudumu la mbele, kisha tukairudisha diski mahali pake kwa nati chache ili ikae ilivyokaa barabarani. Mguu wa geji ulishikwa kwenye kifundo cha usukani, kile chuma kisichozunguka kinachobeba gurudumu, ncha yake ikagusa uso wa diski, na mzee akaizungusha diski polepole kwa mkono. Mshale uliyumba milimita 0.14. Mipaka ya watengenezaji huwa ni sehemu chache tu za mia za milimita. Hapo ningesema kweli imepinda, lakini mzee aliitoa diski na kunionyesha uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyokuwa nyuma yake: ulikuwa na maganda ya kutu, mazito upande mmoja kuliko mwingine. Diski mpya ilikuwa imebandikwa juu ya kutu hiyo bila mtu kuigusa kwa brashi ya waya. Tulisugua habu mpaka chuma kikang'aa, tukairudisha diski ileile, na mshale ukayumba milimita 0.04.

Hilo linaeleza miezi tisa yote. Diski inayoyumba kidogo haitetemeshi usukani siku ya kwanza, ndiyo maana mtu huondoka gereji akishukuru. Lakini kila inapozunguka, hata mguu ukiwa mbali na pedali, sehemu ileile huzigusa pedi na kulika, au huachiwa utando wa pedi, hadi baada ya maelfu ya kilomita diski inakuwa na unene usio sawa. Mtetemo hutokana na tofauti hiyo ya unene, kwa sababu pistoni za kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, husukumwa na kurudi kadiri sehemu nene na nyembamba zinavyopita. Tulipima kwa maikromita katika sehemu nane kuizunguka diski na kukuta tofauti ya milimita 0.03, ambayo huwezi kuiona kwa jicho lakini mguu unaitambua. Neno «kupinda» linafunika mambo haya yote, na anayelitumia bila kupima atauza diski mpya ambazo nazo zitaharibika vilevile.

Jambo la pili lilikuwa nati. Zilikuwa zimekazwa kwa bunduki ya upepo, mashine ya kukazia nati kwa nguvu ya hewa, nyingine kwa nguvu ya kupita kiasi na nyingine pungufu, na mkazo usiolingana unaweza kuivuta diski ikae upande. Nati hukazwa kwa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo, kwa spana yenye kipimo cha nguvu na kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Ninyi mnaoniandikia mkitaka kuja kufanya kazi ya kuvuta matela, jifunzeni kusoma nambari moja kabla ya kununua gari: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, ambao huandikwa kwenye diski yenyewe kwa milimita. Chini ya nambari hiyo diski hutupwa bila mjadala, kwa sababu chuma kilichobaki hakitoshi kubeba joto. Vilevile hutupwa ikiwa ina ufa uliofika ukingoni, au ikiwa kutu imekula mapezi ya katikati yanayopitisha hewa ya kupoza, jambo la kawaida mahali ambapo barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Osheni uvungu wa gari majira hayo. Msidanganywe pia na diski zenye matundu kwa sababu zinapendeza; kwa kazi ya mizigo, joto hufungua nyufa kuanzia kwenye matundu hayo.

Diski zangu zilikuwa zimebaki na zaidi ya milimita moja juu ya kikomo. Maana yake ni kwamba zingeweza kukerezwa, na ndivyo nilivyofanya: nilizipeleka kwa mkereza vyuma, akaondoa tabaka jembamba pande zote mbili, na zikarudi zikiwa na unene sawa na bado ziko juu ya kikomo. Gereji ile ina mashine ya kukereza. Niliiona kwa macho yangu, imefunikwa turubai.

Wakati diski zikiwa kwa mkereza, mzee alinifanya nichunguze kalipa. Pini mbili zinazoiwezesha kalipa kuteleza zilikuwa kavu, moja imekwama kabisa, na pedi ya ndani ilikuwa imeliwa karibu nusu zaidi ya ile ya nje. Tulizisafisha na kuzipaka grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Kalipa yenyewe tuliitundika kwa waya, kwa kuwa kuiacha ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta huuumiza mpira huo kwa ndani. Niliweka pedi mpya zenye mchanganyiko wa chuma, ambazo huvumilia joto la mizigo, na nilifanya kulia na kushoto kwa pamoja, maana breki za ekseli moja zikitofautiana gari huvuta upande. Diski tuliziosha kwa sabuni na maji ya moto, tukazikausha mara moja. Hata zilizo mpya husafishwa, kwa kuwa hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani. Kabla ya kusogeza gari nilikanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, jambo ambalo mtu akilisahau atagundua kosa lake gari likiwa tayari linakwenda.

Kisha nilikwenda kwenye barabara tupu bila tela, nikapunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, nikiacha breki zipumue kati ya mara moja na nyingine. Hivyo pedi huacha utando ulio sawa juu ya diski yote. Ukisimama na kuendelea kukanyaga breki ikiwa moto, unabandika doa mahali pamoja na kuanza upya ugonjwa uleule.

Nilipofunga tela, nilijaribu pia breki zake zenyewe na kukuta upande mmoja haushiki, kwa hiyo kwa muda nisioujua pikapu ilikuwa ikisimamisha mizigo yote peke yake. Sasa zimetengenezwa, na kwenye miteremko nashuka kwa gia ya chini badala ya kuegemeza mguu kwenye pedali.

Usukani umetulia. Nilipotaka kumlipa mzee alikunja uso, akasema nimrudishie geji yake nikimaliza kupima magurudumu ya nyuma. Kesho nitakuwa nimefikisha kilomita 100 tangu kazi ile, na asubuhi, magurudumu yakiwa baridi, nitazipitia tena kwa spana nati zote nane za kila upande.