Kielezi kimoja kilivyonitoa jasho

Nilikuwa nasoma taarifa ya Kiingereza mbele ya watu, nikafika kwenye "unfortunately". Nikalitamka bila wasiwasi: anfochuNEITli. Mtu wa mstari wa mbele akaniuliza nimesema nini. Nikarudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio yake.

Jioni nikafungua kamusi. Silabi ni tano, un-for-tu-nate-ly, na hizo nilizitamka zote. Kilichoniangusha ni mkazo. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao unasogea: PIka, piKIa, pikiAna. Nami nikaupeleka huko huko, kwenye "nate". Kumbe kamusi imeweka kijistari juu, kabla tu ya "for". Miaka yote nilikiona nikadhani ni doa la uchapaji.

Basi nikalivua neno viambishi. Nikatoa "-ly", inayogeuza kivumishi kuwa kielezi. Nikatoa "un-" ya kukanusha. Ikabaki "fortunate", mwenye bahati, na ndani yake "fortune", bahati yenyewe. Kisha nikalivisha upya huku natamka: FOR-tune, FOR-tu-nate, un-FOR-tu-nate, un-FOR-tu-nate-ly. Neno limenenepa mbele na nyuma, mkazo haujabanduka pale "for" hata mara moja! Si viambishi vyote vyenye adabu hiyo. "-Ic" huuvuta mkazo hadi silabi iliyo kabla yake. Lakini "un-" na "-ly" huuacha ulipo.

Ile "nate" nayo nilikuwa naipa "neit" ya vitenzi kama "celebrate". Katika kivumishi hiki irabu inafifia, inasikika karibu na "nit".

Kujua ni jambo moja, ulimi jambo jingine. Niligonga meza kwa kidole, pigo jepesi, zito, halafu matatu mepesi, na bado mdomo ukateleza kwenda mwisho. Aliyeniokoa ni "barabara". BaraBAra ni njia. BaRAbara ni sawasawa, tena nacho ni kielezi. Kumbe mkazo wa silabi ya pili nilikuwa nao tangu utotoni! Nikawa naosha vyombo huku naimba: baRAbara, anFOchunitli, silabi moja tu ikiongezeka mkiani.

Siku niliyosoma tena, neno lilipita na hakuna aliyeuliza. Waliniuliza "comfortably", ambalo nililipa silabi zake zote nne, mkazo kwenye "ta", wakati wenyewe wengi husema tatu: KAMF-ta-bli.