Chuma kikilegea, kipimo cha MRI kinadanganya

Gadolini, metali inayodungwa kama dawa, hung'arisha picha za MRI (picha za mwili kwa sumaku) vizuri, lakini kwa wagonjwa wenye figo dhaifu baadhi ya dawa zake zilihusishwa na kukakamaa kwa ngozi na tishu. Chuma ni mbadala wa kweli: Fe³⁺ (ioni ya chuma) ina elektroni 5 zisizo na wenza, ambazo ndizo hung'arisha picha, gadolini ina 7. Shida ni kwamba kwenye pH 7, chuma kisichoshikwa hugeuka tope la rangi ya kutu.

Mshiko mzuri ni katekoli (pete ya kaboni yenye OH mbili jirani), kwa mfano alginati, jeli ya mwani wa kahawia, iliyoungwa na dopamini, ambayo ina katekoli. (Mwani unaolimwa Zanzibar hautoi alginati. Unatoa karajinani, ile ambayo maabara huchoma kwenye nyayo za panya ili zivimbe. Msiichome mwilini!)

Anza na FeCl₃·6H₂O. Kwa unyevu wa Dar es Salaam, kopo likikaa wazi fuwele za njano hulowa na kugandana, kwa hiyo mizani inakupimia na maji. Yeyusha miligramu 270 kwenye mililita 100 za HCl 0.01 M, upate takriban 10 mM (milimola kwa lita), halafu geuza Fe³⁺ iwe Fe²⁺ na uhakiki kwa fenanthrolini, kemikali inayokipa chuma rangi, kwenye mwanga wa nanomita 510.

Myeyusho wa polima (ile alginati yenye dopamini) uwe mwepesi, miligramu 1 kwa mililita. Pima katekoli kwenye nanomita 280, kisha dondosha chuma taratibu huku unakoroga kwa nguvu, katekoli 3 kwa chuma 1. Ukimimina kwa pupa, chuma hukamata kaboksili (vikundi vya asidi) za alginati na unapata mabonge ya jeli yasiyorudi. Usiache mchanganyiko ukae kwenye asidi, maana Fe³⁺ huoksidisha katekoli. Pandisha pH hadi 7.4 chini ya naitrojeni.

Rangi itakuongoza: kijani, kisha zambarau, kisha nyekundu ya damu ya mzee pH ikizidi 9. Zambarau ndiyo unayoitaka. Hapo katekoli 2 zimeshika chuma na maji bado yana nafasi ya kukigusa. Kwenye nyekundu katekoli 3 zimejaza nafasi zote, na T1 (muda ambao maji huchukua kurudi kwenye utulivu wa sumaku; ukifupika picha hung'aa) haifupiki ipasavyo.

Tumia bafa (kidhibiti cha pH) ya HEPES. Fosfati hung'oa chuma.

Baada ya daialisisi (kusafisha kupitia utando), pima chuma upya kwa kuyeyusha sampuli kwenye asidi, kwani hesabu ya ulichomimina haitoshi. Andaa 0.1 hadi 1 mM, chora 1/T1 dhidi ya chuma, usome mteremko, ndio nguvu ya chuma chako kung'arisha. Chumba cha MRI kina baridi, kwa hiyo mirija ikae kwenye maji ya nyuzi 37, bila povu hata moja: kila kiputo huacha doa jeusi pembeni mwa mrija.